Kidole cha Auleria

"Shikamoo, mama," askari alisema, akiweka mezani simu ya Auleria waliyokuwa wameichukua. "Mchunga ng'ombe ameuawa Mabira, na mke wa mtuhumiwa huwa anakuandikia. Wataalamu wetu wameshindwa kuifungua simu hii. Tunaomba kidole chako."

Auleria alikitazama kidole gumba chake, kilichopasuka na kuwa cheusi kwa utomvu wa ndizi.

"Serikali nzima imeshindwa?"

"Imeshindwa, mama."

Katika simu hiyo, wanawake waliokimbia kipigo cha waume zao walimwandikia mahali walikojificha, na mume wa mmoja wao alikuwa askari wa kituo kimoja na huyu.

Alikifumbata kidole ndani ya kanga.

"Jumbe za huyo mke nitakusomea mwenyewe. Nyingine hazikuhusu."

Askari alivua kofia, akavuta benchi, akaketi kusikiliza.