Misonobari ya Buswelu

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Machi 1994, na manyunyu yalikuwa yamekatika. Bwana miti Machibya alisimama Buswelu mbele ya misonobari thelathini ya mjane mmoja, aliyeipanda ili apate mbao za kupaulia nyumba yake. Safu yote ya mbele ilikuwa imekauka.

"Mama, ugonjwa huu umeuleta kwa uzembe wako," alisema.

"Uzembe gani, bwana miti? Mbona ya nyuma ni mizima?"

"Kwani wewe misitu umesomea chuo gani?"

Wapasua mbao wawili aliokuja nao wakacheka.

"Sikusoma. Ila iliyokauka ni ile uliyoichanja mwaka jana ulipokuja kuikagua, ulipotoka kwa jirani ambako miti ilikuwa inakufa."

Machibya akatazama. Kila shina lililokauka lilikuwa na chanjo moja ya panga, na utomvu ulikuwa umechuruzika humo kama usaha. Miti ya nyuma, ambayo siku ile mvua ilimzuia kuifikia, haikuwa na jeraha. Chuoni walifundishwa kupitisha panga motoni baada ya kila mti. Yeye hakuwahi kufanya hivyo.

Wapasua mbao walikuwa wanamsubiri.

"Kateni yote," alisema. "Na ya nyuma."

Wapasua mbao walikata hadi saa tisa. Mjane alikusanya matawi mabichi akayachoma, kama alivyoagizwa. Machibya aliandika kwamba mwenye shamba alikuwa mzembe, akamsogezea karatasi aweke dole gumba, naye akaweka.