Mdudu Aliyekataa Kuitwa Vunjajungu

Panya alilivunja jungu la Mama Mwanakombo, kisha akamsonta mdudu wa kijani aliyesimama kando ya jiko, mikono ameikunja kifuani.

"Ni huyo. Si unaona anaomba msamaha?"

Tangu siku hiyo mdudu akaitwa Vunjajungu, na watu wakashika imani kwamba anayemgusa mwenye jina hilo lazima atavunja chombo.

Mdudu akaenda kushtaki kwa Kobe, hakimu wa uani.

"Mheshimiwa, mimi sijavunja hata kikombe. Jina hili apewe mwenyewe, Panya."

Panya, ambaye hubishia kila kesi, safari hii alikubali bila neno. Jina likahamishwa.

Jioni Paka alimkuta Panya amejinyoosha katikati ya jiko. Akanyanyua mguu amkamate, akakumbuka kibakuli chake cha maziwa, akaushusha. Pembeni akamwona mdudu wa kijani.

"Samahani ndugu, siku hizi unaitwa nani?"

"Mimi? Sina jina baya hata moja," mdudu akajibu kwa fahari.

"Hongera," Paka akasema, akamla.