Jirani Aliyeitwa Kushuhudia

Godoro lilikuwa limeshapasuliwa, pamba zimezagaa sakafuni, na Zinaida Prohorovna bado alikuwa anamtukana mwenye godoro.

"Nilijua tu! Ile mashine yake ya kuchapa, taka-taka-taka, hatulali!"

Sheria iliwataka watu wa usalama wawe na mashahidi kila wanapopekua, basi wakaokota waliokuwa karibu: mfagiaji wa jengo, aliyeshaanza kukoroma kitini, na huyu mama wa chumba cha jirani. Nyumba nzima ilikuwa na jiko moja la kupikia, na Zinaida na Gleb Savelyevich, mwenye godoro, walikuwa wakiligombania kila siku ya Mungu. Leningrad nzima usingepata shahidi mwenye chuki kumzidi.

Kapteni Ruchkin, mkuu wa wapekuzi, alichomoa bunda la karatasi nyuma ya jiko la kupashia joto. "Haya, hiki hapa! Kile kitabu cha kambi za wafungwa. Paris wamekichapa, redio za nje zinakisoma, na mwandishi kajificha nyuma ya jina la bandia. Nani kaandika?"

Ambaye angekiri angepelekwa kwenye kambi hizo hizo, huko kaskazini. Hilo hata mfagiaji alilijua.

"Mimi," Gleb akasema.

"Wewe?" Zinaida akaruka. "Mwongo mkubwa! Kapteni, huyu hawezi kuandika hata kadi ya mwaka mpya!"

Kapteni akacheka. "Wivu huo, mama."

"Wivu gani? Hakuandika, naapa! Kapteni, nisikilize, mimi ndiye—"

"Funga mdomo, we mama!" Gleb akafoka, mpaka mfagiaji akazinduka. "Umezidi kujiingiza! Una kazi yako, kaifanye, niachie yangu. Kapteni, andika: ni mimi, na sijutii hata neno moja. Mnaogopa karatasi, nyie wanaume wazima? Aibu!"

 

"Tupekue na kwa huyu mama?" askari mmoja akauliza.

"Shahidi hapekuliwi, una wazimu?" Kapteni akamgeukia Gleb. "Na sehemu ya pili iko wapi?"

"Bado haijaandikwa."

"Basi ndiyo imekufa hivyo. Huko uendako utakata magogo mpaka usahau kushika kalamu."

"Tutaona," Gleb akasema, akitabasamu kabisa, mshenzi yule, utadhani anakwenda harusini. Akavaa koti lake.

Zinaida akatia saini kwamba ameshuhudia. Wakamshusha Gleb ngazi, na hakugeuka kumuaga mtu.

Zinaida akarudi chumbani kwake, akajifungia, akalia kwa uchungu. Kisha akajifuta uso, akasogeza kiti mezani, akaanza kuandika sehemu ya pili ya kitabu chake yeye mwenyewe.