Barakoa Kwenye Kulabu ya Nyama

Shedafa alipasua vichwa vya ng'ombe miaka arobaini, vingine vikubwa kama pipa, asikute msuli ndani ya ubongo hata siku moja. Wa kwanza ukaota kwenye ubongo wake mwenyewe, uvimbe wa saratani wenye nyama ya msuli. Madaktari wakamfungua fuvu, wakautoa, kisha wakamchoma mionzi siku thelathini, uso umebanwa ndani ya barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake.

“Nitaishi miaka mingapi, daktari?”

“Wenye ugonjwa huu ni wachache mno, mzee. Hata wa kukulinganisha naye sina.”

Barakoa akapewa aondoke nayo. Akaitundika kwenye kulabu buchani, kando ya maini, na kila Ijumaa akaivaa kuona kama bado inamkaa.

“Kichwa hicho nacho kinauzwa?” wateja walimtania.

“Mifupa mitupu hiki. Meno huna.”

Ijumaa moja barakoa ikagoma kuingia, upande ule alioshonwa.

“Mama Mwatumu,” akamwita mkewe, “hii imesinyaa?”

Mkewe akaipapasa plastiki. Kichwa hakukigusa.

“Plastiki ikikaa juani husinyaa, baba.”

Bucha lile halikuwa na dirisha. Shedafa akachukua kisu, akaendelea kukata nyama. Mkewe akatoka na barakoa, akaitundika nje ya mlango, pale jua linapochoma zaidi.