Kadibodi ya Mguu wa Meza

Wekulo alirudi nyumbani Sarang'ombe kutoka shule ya bweni akijiona profesa wa Kiingereza. Alimkalisha dadake mdogo kwenye stuli, akachomoa kadibodi iliyokunjwa chini ya mguu mfupi wa meza, kisha akaitikisa meza kwa heshima zote.

“Hii sasa inawobble,” alisema. “Wobble ni ya meza na gurudumu. Mlevi hawobble. Mlevi anastagger.”

“Na mimi je?” Kukhu, nyanya yao, aliuliza kutoka kitandani. Tangu apooze, mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama wa mtu mwingine.

“Wewe ni totter, Kukhu. Hilo ni la wazee na watoto wachanga.”

Dadake akacheka. Kukhu naye akacheka kidogo.

“Basi angalieni,” alisema. “Leo nafika mlangoni bila kushikwa na mtu.”

Hakuwa ameufikia mlango huo tangu Pasaka. Alisimama, akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili. Wekulo alisahau masomo yote. Alikimbilia mlangoni, akachuchumaa na kumnyooshea mikono, kama anavyopokewa mtoto anayejifunza kutembea.

“Kuja, Kukhu. Kuja tu.”

Katikati ya chumba Kukhu alichoka. Akanyoosha mkono wake mzima kwenye pembe ya meza, pale alipozoea kuegemea.

Wekulo alifungua viganja vyake ampokee, na katika kimoja akaiona kadibodi, imekunjwa mara nne, imelowa jasho.

“Kukhu, ngoja,” alisema.

Lakini Kukhu alikuwa ameshaegemea.