Ukuta wa Ukurasa wa Kwanza

"Hapana gusa hiyo alama!"

Mama Bernadette alisimama mbele ya ukuta wake, mikono ameitanua, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani.

Nyuma yake, kwenye matofali ya zamani, kulikuwa na X kubwa ya rangi nyekundu. Mbele yake walisimama vijana sita waliovaa jile za kijani, kamera mbili na ndoo ya chokaa. Walijiita wajitoleaji wa urithi wa Bunia. Walikuwa wakizunguka mtaa wa Nyakasanza kupiga picha nyumba za wakati wa Wabeljiji, ili watoe kitabu. Miaka ile ya vita, mtaa ulipoungua, hakuna hata mmoja wa namna yao aliyepita kuuliza nani amebaki hai. Leo matofali yamekuwa na thamani. Matofali hayaombi chakula.

"Mama, inaharibu ukuta," alisema Gauthier, mkubwa wao. Baba yake ni mtu mzito mkoani, na Gauthier hutembea kana kwamba mkoa wenyewe ndio uliomzaa. "Hii nyumba iko ukurasa wa kwanza. Unaelewa? Wa kwanza!"

Saa mbili nzima walikuwa wamemwamrisha. Aliondoa maliputa yake, vitenge vya kuvaa, kwenye kamba. Aliondoa mbabula, jiko lake la makaa. Kuku walifukuzwa. Mjukuu wake Plamedie aliambiwa atoke mlangoni, maana alikuwa anaharibu uzamani.

"Nyumba bila batu ni nzuri zaidi," alieleza mpiga picha.

Bernadette akamgeukia Falone, msichana aliyeshika daftari. "Weye unayeandika, andika basi. Baba mukwe wangu njo alichoma haya matofali, kwa kiboko cha Muzungu. Muzungu alipokimbia mwaka wa sitini, yeye njo alibaki ndani. Miye nilizalia humu."

Falone akaandika: *Matofali ya kuchoma. Paa la bati. Hali nzuri.*

"Na alama uandike. Ni ya watu wanaopanua barabara. Jumatatu mashini inakuja kubomoa."

Kalamu ikasimama. "Kubomoa? Gauthier, unasikia?"

"Nasikia. Njo maana tunaharakisha. Nyumba itaenda, picha itabaki. Urithi ni picha."

Alisema hivyo mbele ya mwenye nyumba, bila hata kushusha sauti.

Mtaa wote ulijua sheria ya ile rangi. Jirani mmoja aliyeitwa Kule aliipaka tope alama yake. Wakamfunga wiki tatu, na nyumba yake ikaangushwa kabla ya zote. Waliopaka rangi walishaondoka. Wabomoaji walikuwa wengine, hawakupewa orodha wala karatasi. Walifuata rangi tu. Penye rangi, waliangusha. Na kwa asiye na hati, fidia ni vumbi la ukuta wake mwenyewe.

"Mwanangu, ukifuta hiyo, batakufunga," alisema Bernadette.

"Kunifunga miye?" Gauthier alicheka, na wenzake wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Mama, siye tulijua utatusumbua. Mutu mumoja mwenye kupenda historia alituandikia barua. Alituonyesha nyumba, akatuonyesha ukuta. Hata weye uko ndani ya barua."

"Miye? Nani huyo alinitaja?"

"Hakuweka jina. Mutu wa masomo, inaonekana."

Bernadette akatema mate chini. "Masomo! Basi miye mwenye nyumba, nisiye na masomo, nakataza. Alama inabaki!"

Hilo ndilo lililomaliza maneno. Gauthier alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akachovya brosi mwenyewe. Kijana ambaye hajawahi kuosha hata sahani yake alipaka chokaa kwa jasho, mkono wa kwanza, mkono wa pili, mpaka X ikazama. Kisha wote sita wakajipanga mbele ya ukuta uliolowa, brosi juu, meno nje. Picha ikapigwa.

Jumamosi Falone alimletea Bernadette nakala moja ya ile picha iwe ukumbusho. Aliitoa bila kumtazama usoni.

Jumatatu mashini ilikuja. Iliangusha nyumba mbili kwenye kona, ikasogea, ikasimama mbele ya ukuta mweupe. Kapita, msimamizi wa wabomoaji, aliyeitwa Espoir, akashuka. Akapapasa chokaa kwa kidole.

"Hapa palikuwa rangi. Nani alifuta? Ni weye, mama?"

Bernadette alimpa picha.

Espoir aliileta karibu na macho. Kidole chake kilipita juu ya nyuso, kikagota kwa kijana wa katikati.

"Huyu si mutoto wa..."

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Tope la Kule lilimpeleka Kule gerezani. Lakini chokaa hii, nani angethubutu kuiuliza? Akairudisha picha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya chifu.

"Hapa hapana alama!" akampigia dereva kelele. "Pita!"

Vumbi lilipotulia, Bernadette alirudisha maliputa yake kwenye kamba, moja moja, mbele kabisa ya ule ukuta. Akawasha mbabula. Akaingia ndani, akafungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la Plamedie, yenye mistari mingi iliyokatwa na kuandikwa upya kwa mkono wake mwenyewe Bernadette.

Kabla ya kuitia motoni, alisoma mara ya mwisho ule mstari wa chini:

*Mtamkuta pale mama mmoja mzee, mkali sana. Msimsikilize.*