Mtaa Uliponyamaza kwa Ajili ya Idd

"Mchinje," alisema Bi Mwahija, akimpa jirani yake kisu.

Abdulatifu, fundi wa kuchomelea mageti, alimtazama jogoo, kisha akamtazama bibi. Jogoo yule alikuwa wa mbegu. Kilwa Kivinje nzima watu walikuwa wakiomba vifaranga vyake.

"Bi mkubwa, una hakika? Huyu si wa mboga."

"Saa nne kijana ana usaili. Huyu akianza kuwika pale katikati, utajibu wewe?"

Jogoo akaenda na maji.

Mwenye usaili alikuwa Idd, kijana wa nyumba ya pili. Nyumba hiyo aliachiwa na babu yake, na imegawana ukuta mmoja na ya Bi Mwahija. Shuleni Lindi walimfundisha kupiga klarineti, lile zumari jeusi lenye vitufe vya kung'aa, likamwingia damuni. Sasa alikuwa ameomba kwenda kulisomea chuo kikuu huko Dar es Salaam, na wakubwa wa chuo wakasema watamsikiliza kwa simu ya video, huko huko aliko. Nafasi ya klarineti ilikuwa moja tu. Akiikosa, ni kukaa Kivinje na mazoezi yake mpaka mwakani, ajaribu tena.

Na hakuna mtu aliyetaka Idd apite kama Bi Mwahija. Mama huyu, jamani! Ana wajukuu saba wa damu, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kupigiwa pasi naye. Idd alipigiwa pasi shati na suruali. Siku tatu mfululizo alinyweshwa chai ya tangawizi ili pumzi ifunguke. Jumamosi bibi aliwakusanya akina mama wa mtaa wakamsomea kijana dua, na kwenye kuitikia amini sauti yake ndiyo iliyozidi zote.

"Mungu amfikishe Dar salama," alisema, "na amweke huko huko mpaka amalize."

"Kweli Mwahija anampenda huyu mtoto," watu wakaambiana.

Ungewalaumu kwa lipi? Mazoezi ya Idd bibi aliyajua kuliko Idd mwenyewe. Tangu Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani kuisha, kijana alikuwa akianza mara tu baada ya sala ya alfajiri: do-re-mi kupanda, do-re-mi kushuka, mpaka jua linafika utosini. Bi Mwahija alijua pumzi inapokatika. Alijua kwamba kwenye sauti ya tano kushuka ndipo anapoteleza, halafu anarudia mwanzo, mara arobaini. Hata watoto wanaokuja barazani kwake kusoma chuo cha Kurani walikuwa wameshaanza kuvuta alifu na be zao kwa mahadhi hayo hayo.

Saa nne kasorobo, Bi Mwahija alijifunga kanga kiunoni akasimama mwanzo wa kichochoro, mwiko mkononi. Watoto wa chuo aliwapa likizo. Abdulatifu aliamriwa azime mashine yake ya kukatia vyuma. Bodaboda wawili walishushwa wakasukuma pikipiki zao. Mwuza samaki wa baiskeli alitaka kuleta ubishi, akaambiwa honi yake aitie mfukoni.

"Kwani kuna msiba?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kuna usaili. Pita!"

Ndani, Idd aliegemeza simu kwenye mtungi, akawaamkia wasaili watatu, akaanza. Sauti zikapanda, zikashuka. Ilipokaribia ile ya tano, Bi Mwahija alifumba macho, roho mkononi.

Ikapita! Ikapita laini kabisa. Halafu ukaja wimbo, wimbo mzima wenye mwanzo na mwisho, na bibi akashangaa peke yake pale njiani. Kumbe hili zumari linajua kuimba! Machozi yakamtoka. Kwa nusu saa nzima mtaani hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Idd aliyakatiza mazoezi yake katikati akatoka mbio, simu mkononi.

"Shikamoo bibi! Wamenichukua!"

"Marahaba mwanangu! Alhamdulillahi!"

Vigelegele vya Bi Mwahija vilifika sokoni. Akamkumbatia kijana, akaingia ndani upesi, akatoka na begi lililokwisha kujaa: shuka mbili, sufuria, ndala mpya, korosho za kukaanga.

"Mizigo nimeshakufungia. Na basi la kesho lina nafasi, nimeulizia."

Idd akaona haya. "Bibi, siendi. Sikiliza walivyoandika." Akasoma polepole, neno kwa neno. "'Wasaili wamevutiwa mno na utulivu wa mahali unapoishi. Mabweni yetu yana kelele, na vyumba ni vichache. Kwa hiyo umepangiwa kusoma ukiwa nyumbani, kwa njia ya simu, kwa miaka yote mitatu. Unatakiwa kufanya mazoezi kwa muda wa saa nane kila siku.'"

Akainua uso, furaha imemjaa. "Yote haya umeyafanya wewe, bibi!"

Bi Mwahija aliliweka begi chini. Akapitisha vidole chini ya mtandio, akachomoa pamba kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, pamba anazozitia kila alfajiri.

"Hebu rudia, mwanangu," alisema. "Nadhani sijasikia vizuri."